Uzee wa Afande

Ndugu msikilizaji, hujambo. Na wewe unayeyasoma maongezi haya gazetini, ama kwa sababu umeme ulikatika, ama kwa sababu kijana wako alikuwa ameikamata redio akisikiliza mpira, hujambo pia.

Wiki iliyopita tulizungumza habari za bei ya pamba, na wengi mmeniletea ujumbe mkitaka tuendelee. Tutaendelea, pamba haijahama. Leo naomba ruhusa niongee habari za mbwa. Najua wapo watakaozima redio hapo hapo, kwani kwetu mtu mzima akisimama mbele ya kipaza sauti kuzungumzia mbwa huonekana ameishiwa. Nivumilieni kidogo. Mbwa mwenyewe alikuwa na cheo.

Jina lake lilikuwa Afande. Si mimi niliyempa. Alikuja nalo kutoka kazini, kama mtu anavyokuja na jina la ubatizo, na kwenye kadi yake ya chanjo lilikuwa limeandikwa kwa wino wa bluu, pamoja na mwaka wa kuzaliwa: 2009.

Mwaka 2014 kampuni moja ya ulinzi, ambayo sitaitaja, ilimaliza mkataba wake kwenye eneo moja la machimbo huku kwetu katika ukanda wa dhahabu. Walinzi walipewa barua. Mbwa hawapewi barua. Walikuwa tisa, na kijana aliyekuwa akiwaongoza nilimfundisha mimi darasa la sita. Alinipigia simu usiku.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, hujambo mwanangu?”

“Sijambo mwalimu, ila nina shida, na shida yenyewe ni mbwa.”

Akanieleza. Mbwa wanne wenye umri mdogo walichukuliwa siku moja tu: mmoja alikwenda kwenye nyumba ya wageni, wawili kwenye yadi ya malori, mmoja kwa mnunuzi wa dhahabu. Wawili wengine walipata watu baada ya wiki. Walibaki watatu, na Jumamosi wangepewa sumu ili eneo likabidhiwe likiwa safi. Katika hao watatu wawili walikuwa wagonjwa, hawakuwa na siku nyingi. Wa tatu ndiye Afande. Alikuwa mzima, ila hakuna aliyemtaka. Alikuwa na miaka mitano. Sikio la kushoto lilikuwa nusu, alichechemea nyakati za mvua, na aliwahi kumng'ata msimamizi wa lindo. Watu walikuja, wakamtazama, wakasoma habari zake, wakaenda zao. Bei yake ilikuwa bure na bado hakupata mnunuzi.

Huko kwa wenzetu mbwa wa namna hii wana nyumba zao. London, mwaka 1860, mama mmoja aitwaye Mary Tealby alifungua mahali pa kupokea mbwa waliopotea na wenye njaa, katika mtaa wa Holloway. Magazeti ya siku zile yalimcheka sana: watu wanalala njaa, yeye anahangaikia mbwa. Nyumba ile ilihamia Battersea mwaka 1871, na ipo mpaka leo. Nairobi wana KSPCA pale Karen. Hata hapa kwetu, Usa River mkoani Arusha, lipo shirika linaloitwa Mbwa wa Africa, ambalo huokota mbwa, huwatibu, kisha huwatafutia wa kuwachukua. Na kote huko habari ni ile ile. Watoto wa mbwa wanaondoka asubuhi na mapema. Mzee, kilema, na yule aliyewahi kuuma, hao hukaa pale pale wakiangalia wenzao wakiondoka. Lakini angalau wana pa kukaa. Mimi hapa Kambarage mwaka ule sikuwa na mlango wa namna hiyo wa kumwelekeza yule kijana akabishe. Alibisha kwangu.

Nilikuwa nimestaafu miezi michache tu kabla ya hapo. Mama watoto aliposikia alisema, “Umestaafu juzi, tayari umeanza kukusanya wastaafu wenzako?” Sikuwa na jibu. Siku ya tatu Afande alishuka kutoka kwenye Fuso la mchele lililotoka Kahama, juu ya magunia, amefungwa mnyororo, mweusi tii, na kadi yake ya chanjo ikiwa kwenye mfuko wa nailoni shingoni.

Nisiwadanganye kwamba tulipendana. Mwezi wa kwanza alikataa kula mchana. Alilala mgongo ukiwa umegusa ukuta, na pikipiki ikipita alitetemeka kama mtu mwenye malaria. Jambo moja tu lilitufurahisha: amri zake zote alifundishwa kwa Kiingereza. Ukimwambia “kaa” alikutazama. Nami nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, na naapa huyu ndiye mwanafunzi wa kwanza aliyenielewa mara moja.

Tatizo kubwa lilikuwa mpira. Wanaoijua Shinyanga wanajua kwamba kukaa Kambarage ni kukaa na uwanja. Na mwaka ule ule wa 2014 Stand United walipanda Ligi Kuu, mji ukawa na wazimu wake wa furaha. Timu ikifunga, sauti inakuja juu ya mabati kama mvua ya mawe. Mechi moja, sikumbuki ni dhidi ya nani, bao lilipoingia Afande alikata kamba, akaruka ukuta, akaangukia uani kwa jirani na kuua majike mawili ya kuku. Nililipa. Wiki iliyofuata akaua la tatu. Nililipa tena, na mama watoto hakusema neno, jambo ambalo waume wenzangu wanajua maana yake.

Sasa nitawaambieni kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani. Nilipatana na dereva mmoja wa lori. Nilimpa fedha amchukue Afande alfajiri, amshushe porini mbele ya Tinde, mahali pasipo nyumba. Sikumwambia mama watoto. Nilitoka naye gizani kama ninayempeleka kujisaidia. Lori lilikuwa limesimama barabarani, injini inanguruma, na mimi nilitegemea atagoma, atavuta, atanipa sababu ya kumkasirikia. Wapi! Alipoliona lori alikaa chini mwenyewe, akanyoosha shingo, akangoja afungwe mnyororo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa: gari likija, unakaa, unafungwa, unapelekwa kwenye lindo lingine. Hakuuliza ni wapi.

Nilimwambia dereva aende na zile fedha abaki nazo. Tukarudi nyumbani. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake, akanitazama mimi, akamtazama mbwa, akaingia ndani kuchemsha chai. Mpaka leo hajaniuliza.

Miaka minne iliyofuata nitaipita haraka, kwa kuwa mbwa mwenye afya na kazi hana hadithi. Alikula ugali wa dona na dagaa, na utumbo siku za Jumamosi. Kila mwaka alichomwa sindano ya kichaa cha mbwa na kadi ikapigwa muhuri. Usiku alizunguka ua mara tatu, akalala mlangoni. Wezi wa kuku walihamia mtaa mwingine. Jirani yangu wa upande wa kulia, mwalimu wa madrasa, alikuwa akipita mbali naye kwa sababu ya kanzu na udhu wake, na nilielewa, nikamfunga Afande nyakati za sala. Lakini siku moja ya jua kali nilimkuta amesukuma kwa mguu beseni la maji mpaka mahali ambapo mnyororo unafika. Aliponiona aliona haya kidogo. Akaniambia habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akampa mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. “Imo katika hadithi za Mtume,” alisema. “Najisi ni najisi, mwalimu, lakini kiu ni kiu.”

Uzee ulianza mdomoni. Mwaka 2018 niliona nywele nyeupe kuzunguka pua yake, kama mtu aliyekunywa uji akasahau kujifuta. Kisha akaanza kusimama mbele ya kizingiti na kukifikiria kabla ya kukivuka. Watu husema zidisha miaka ya mbwa kwa saba upate ya binadamu. Daktari wa mifugo alinieleza kwamba hesabu hiyo ni ya haraka mno. Mwaka wa kwanza peke yake mbwa anakuwa kama kijana wa miaka kumi na mitano, wa pili anaongeza kama tisa, baada ya hapo anakwenda kwa minne minne au mitano. Na mbwa mkubwa wa mwili huzeeka upesi kuliko mdogo. Nilipofanya hesabu niliona kwamba Afande alinikuta njiani, tukatembea pamoja kwa muda mfupi, kisha akanipita. Alikuja kwangu akiwa mdogo kwangu. Sasa alikuwa kaka.

Magoti yalimuuma. Mimi pia yananiuma, nina vidonge vyangu nilivyoandikiwa hospitali, na kwa ujinga wa mtu aliyesoma nikasema, goti ni goti, nikamvunjia nusu kidonge ndani ya ugali. Siku ya pili alitapika damu. Daktari alinifokea kama mtoto wa shule. Ndugu msikilizaji, kama una mbwa, lishike hili hata kama utasahau mengine yote: dawa zetu za maumivu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Ziko dawa za kwake. Ni ghali, naam. Nilipunguza magazeti, na mhariri wa gazeti hili anisamehe.

Kisha masikio. Sikutambua mara moja. Nilitambua siku ya mpira. Uwanja ulipiga kelele, mabati yakatikisika, na Afande akaendelea kulala. Yule yule aliyekuwa akikata kamba. Nilikaa nikimtazama, nikaona ajabu kwamba nilikuwa natamani aruke ukuta. Mwaka 2019 Stand United walishuka daraja, mji mzima ukalia, na yeye hakuwa na habari, kama vile hakuwa na habari siku walipopanda isipokuwa kwamba walimtisha.

Mwaka 2020, kiangazi, akaanza kulia usiku.

Wanaofuga mbwa wanaujua mlio ule. Haukuwa ule wa kumbwekea mwizi. Ni ule mrefu, wa shingo iliyoinuliwa. Alikuwa akiamka saa nane za usiku, anasimama katikati ya ua, anaonekana hajui yuko wapi, kisha analia. Daktari alisema ni ubongo umechoka. Mbwa wazee wengine hupatwa na hali ile ile inayowapata wazee wetu, wanaoamka usiku wakitaka kwenda kwao wakati wako kwao. Wanachanganya usiku na mchana, wanakwama kwenye kona, wanasahau mlango. Mama watoto, yule wa “wastaafu wenzako”, alimshonea godoro la magunia na akawa anatoka na tochi kumshika shingo mpaka anyamaze.

Lakini mtaani mlio ule una tafsiri yake. Mbwa akilia vile, kuna atakayekufa. Na mwezi wa Septemba, nyumba ya nne kutoka kwangu, mtoto wa miaka mitatu alifariki kwa homa.

Nilikwenda msibani. Nilitoa rambirambi. Nikaona watu wakinipisha kwenye mkeka zaidi ya ilivyo kawaida. Siku ya tatu baada ya mazishi vijana sita walikuja getini kwangu jioni. Walikuwa na adabu. Walinisalimia shikamoo, nikaitika, kisha mmoja akasema kwa upole kabisa kwamba mtaa umechoka na yule mbwa, kwamba usiku ukimmulika kwa tochi macho yanawaka mekundu, kwamba mbwa wa kawaida hafiki umri ule, na kwamba ingekuwa vizuri mimi mwenyewe nikamalize jambo kabla halijamalizwa na wengine. Mwingine akaongeza kwamba anayumba na kutoa mate, kwa hiyo huenda ni kichaa. Hapo mtaona kwamba mashitaka yalikuwa mawili yasiyofanana, uchawi na ugonjwa, lakini hukumu ilikuwa moja.

Nyuma yao, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwa amesimama bibi wa nyumba ya kushoto. Na hapa lazima nisimame niwaeleze habari zake, la sivyo hamtaelewa kwa nini usiku ule sikulala.

Bibi yule hakuzaliwa Kambarage. Mwanawe alimleta mjini kutoka kijijini baada ya maneno kuanza. Wasikilizaji wa Kanda ya Ziwa wanajua ninaposema maneno nina maana gani. Kwa miaka mingi vikongwe wamekatwa mapanga usiku katika mikoa hii yetu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Tabora, kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi mkubwa mara nyingi umekuwa ni macho mekundu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji hayo katika ripoti zake mwaka hadi mwaka. Macho mekundu yanatoka wapi? Enzi za ukoloni miti ya Usukuma ilifyekwa eneo kubwa sana kufukuza mbung'o. Ikafuata pamba, ikafuata mifugo, nchi ikabaki wazi. Ndiyo maana mwaka 1986 ulianzishwa ule mradi wa HASHI, wa kuhifadhi ardhi na kurudisha ngitili za wazee. Pasipo kuni mama hupikia mavi makavu ya ng'ombe na vijiti vya pamba, ameinama ndani ya moshi asubuhi na jioni kwa miaka hamsini. Macho yasiwe mekundu kwa nini? Na sasa vijana sita walikuwa getini kwangu, usiku unaingia, wakizungumza habari ya macho mekundu na umri uliopita kiasi, na bibi yule anasikiliza.

Nilimwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao. Kesho yake tulikaa chini ya mwarobaini wake, watu kama arobaini, pamoja na daktari wa mifugo. Daktari yule hakubishana na mtu habari za uchawi. Alishika lile la pili. Alisema kichaa cha mbwa si mchezo, na waliokiogopa wana haki ya kukiogopa. Inakadiriwa kuwa ugonjwa huu huua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikishatokea kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, akimbilie hospitali siku hiyo hiyo achomwe chanjo. Chanjo hiyo si ngeni, Louis Pasteur aliitumia kwa mtoto mmoja huko Ufaransa mwaka 1885, na yule mtoto akaishi. Na mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita.

Kisha akaishika kadi ya Afande akaipitisha kwa watu. Mihuri yote ilikuwepo. “Lakini kadi ni karatasi,” alisema. “Tufanye hivi. Mbwa mwenye kichaa, dalili zikishaonekana, hafikishi siku kumi. Atakuwa amekufa. Huyu mnasema anaumwa. Basi afungiwe siku kumi, pasiwe na mtu wa kumgusa isipokuwa mwenyewe. Siku ya kumi na moja tukutane.”

Kijana mmoja akauliza, “Na macho?”

Daktari akaanza kueleza habari ya jicho la mbwa linavyorudisha mwanga wa tochi, na ukungu wa uzee katika mboni, na nikaona watu wameanza kutazama pembeni, kama darasa la saa nane mchana. Hapo ndipo bibi aliponyanyuka. Alichukua muda, kwa kuwa magoti yake nayo. Sauti yake haikuwa kubwa.

“Wanangu,” alisema, “macho yangu mnayaona. Kama ni macho, tuanze na mimi. Mimi ni mkubwa kwa huyu mbwa.”

Akakaa. Hakuna aliyejibu. Yule kijana aliyeuliza aliinamisha kichwa akawa anachora chini kwa kijiti. Mwenyekiti alikohoa, akasema siku kumi zinaanza leo, akafunga kikao.

Siku kumi ni nyingi, ndugu msikilizaji. Nilimfungia kwenye banda la kuku, kuku nikawahamishia jikoni. Watoto walichungulia ukutani na kuhesabu kwa sauti, leo ya tatu, leo ya nne. Nami nilikuwa na hofu ambayo sikumweleza mtu: alikuwa mzee wa miaka kumi na mmoja, angeweza kufa siku yoyote kwa sababu zake mwenyewe. Angekufa siku ya saba kwa uzee, mtaa ungesema daktari alikuwa sahihi, lilikuwa ni kichaa, na wengine wangesema sisi ndio tuliokuwa sahihi. Sijawahi kumwombea mtu uzima kama nilivyomwombea mbwa yule. Usiku akilia niliketi nje ya wavu kwenye kigoda, nikimwambia kwa Kiingereza anyamaze, ilhali najua hasikii.

Siku ya pili bibi alikuja jioni na ukoko wa ugali kwenye bakuli la bati. Alisimama mbali kidogo na wavu, akamsalimu Kisukuma, “Mwadila,” kama anavyosalimiwa mtu, akanipa bakuli nimpe. Siku ya tatu akaja tena. Siku ya tano nilimwekea kiti. Hatukuongea sana. Mara moja tu aliniambia kwamba kule kijijini alikuwa na mbwa, na walipokuja usiku ule mbwa ndiye aliyemwamsha. Nilingoja aendelee. Hakuendelea, nami sikuuliza yule mbwa alipatwa na nini.

Siku ya kumi na moja Afande alitoka bandani kwa miguu yake, akakojoa kwenye mwarobaini wa mwenyekiti mbele ya kikao kizima, na watu wakacheka. Kicheko kile kilikuwa ndiyo hukumu. Sisemi kwamba imani ya mtu iliondoka siku ile. Wapo ambao mpaka leo wanaamini lao. Lakini hakuna aliyerudi getini kwangu, na baba wa yule mtoto aliyefariki alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Msiba wake ulikuwa mkubwa kuliko mbwa wangu, na yeye alikuwa ameshamzika mwanawe kwa sababu ya homa, si kwa sababu ya mlio.

Baada ya hapo aliishi miezi mitano. Ilikuwa miezi mizuri, kama mtu hajali kunyanyuliwa asubuhi. Alikonda mgongo. Jicho moja lilifunga kabisa. Alinitambua kwa harufu, na asipoipata alisimama mahali alipo akangoja. Kule machimboni walimfunza kungoja, na ndilo somo la mwisho kumtoka. Mama watoto alikuwa akimpakata kichwa akiwa anachambua mchele. Nilimpigia simu yule mwanafunzi wangu, ambaye alikuwa amepata kazi Geita, akaja Jumapili moja kumtazama. Alipiga magoti mbele yake akampa mgongo wa mkono anuse. Afande alinusa muda mrefu. Kisha akakaa chini na kunyoosha shingo, tayari kwa mnyororo. Yule kijana, mtu mzima mwenye ndevu, alitoka nje ya geti akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa Februari 2021 aliacha kula. Siku ya tatu aliacha na maji. Nilimwita daktari, naye alimpima akasema figo zimekwisha, tunaweza kungoja au tunaweza tusingoje. Nilimuuliza angekuwa wake angefanyaje. Akasema, “Mwalimu, mimi nisingemngojesha.” Tulifanya jioni, chini ya mti, jua likiwa limepoa. Nilikuwa nimefikiri nitamwambia neno. Nilimshika tu lile sikio nusu.

Tulimzika nyuma ya banda la kuku. Mmoja wa wale vijana sita alikuwa akipita na toroli la maji, akauliza tunachimba nini, nikamwambia. Aliegesha toroli, akachukua jembe kutoka mkononi mwangu, kwani kweli nilikuwa nahema, akachimba mpaka kina cha kiunoni. Alisema fisi wakishuka kutoka milimani hufukua kaburi fupi.

Bibi tulimpa habari usiku ule ule. Alisikia, akatikisa kichwa, akasema ameshukuru kuambiwa. Kesho yake jioni alikuja na ukoko kwenye bakuli la bati. Na kesho kutwa. Ama alikuwa amesahau, ama alikuwa hana pengine pa kuupeleka. Mama watoto aliupokea kila siku kwa mikono miwili, akamwekea kiti, na bibi alipoondoka akawamwagia kuku.